Mchungaji wa Kinorwei Kule Iowa: Yanayosemwa na Yaliyokuwa

Kwetu Walutheri wa Tanzania, Mnorwei ni mmisionari. Ndugu zetu wa Mbulu wakisikia Norwei wanakumbuka Haydom, hospitali iliyofunguliwa na misheni ya Kinorwei mwaka 1955. Kwa hiyo ukianza kusimulia habari za wachungaji wa Kinorwei waliokwenda Marekani katika karne ya 19, msikilizaji anakumalizia hadithi mwenyewe kabla hujafika mbali: alitumwa na kanisa la kwao, alikwenda kuwahubiria wenyeji, alijengewa nyumba nzuri, mshahara ulitoka Ulaya. Karibu yote hayo si kweli. Na inaniuma, kwa sababu picha hiyo inatuficha watu ambao maisha yao yalikuwa karibu sana na ya wachungaji wetu wa vijijini.

Nitamchukua mmoja, Ulrik Vilhelm Koren. Alizaliwa Bergen mwaka 1826, akahitimu teolojia mwaka 1852 katika chuo kikuu cha Christiania, mji ambao leo ni Oslo. Desemba 1853 alifika kaskazini mashariki ya Iowa na mke wake Elisabeth, binti wa mkuu wa shule wa mji wa Larvik, aliyekuwa na miaka 21 tu. Koren alifariki Desemba 1910 akiwa bado na usharika ule ule wa Washington Prairie. Miaka 57, usharika mmoja.

"Alitumwa na Kanisa la Norwei kuwahubiria wenyeji"

Hakuna aliyemtuma. Norwei ya wakati ule ilikuwa na kanisa la dola, na mchungaji alikuwa ofisa aliyeteuliwa na Mfalme, akihesabiwa pamoja na mahakimu na wakubwa wengine wa serikali. Mkulima aliyepanda meli kwenda Marekani alikuwa ametoka nje ya mkono wa kanisa hilo. Lisingemfuata wala kumlipia mchungaji. Wakulima wenyewe, waliokuwa wameanza kulima eneo lile la Iowa tangu mwaka 1850, ndio walioandika barua ya wito. Koren aliipokea, akabarikiwa kuwa mchungaji huko kwao, akasafiri. Ambaye amewahi kukaa kwenye kikao cha wazee wa kanisa cha kumwita mchungaji anaelewa uzito wa barua hiyo: aliyekuita ndiye atakayekulisha, na ndiye atakayekuuliza.

Waliomsikiliza walikuwa Wanorwei, wengi wao watu wa mashambani waliofuata ardhi. Dini iliwasukuma baadhi, hasa wale wa meli ya kwanza iliyotoka Stavanger mwaka 1825, ambao miongoni mwao walikuwamo Wakweka, dhehebu lililokuwa nje ya kanisa la dola. Lakini zaidi ya watu 800,000 walioondoka Norwei katika miaka mia iliyofuata hawakuwa wakikimbia mateso ya dini. Walikimbia mashamba madogo ya mawe yasiyogawanyika tena kwa watoto.

Wenyeji nao? Eneo hilo lilikuwa la Waho-Chunk mpaka mwaka 1848, serikali ya Marekani ilipowahamishia Minnesota. Walowezi wa Kinorwei waliingia miaka miwili baadaye. Mji wa Decorah, ulio jirani na usharika wa Koren, una jina la kiongozi wa Waho-Chunk, Waukon Decorah. Jina lilibaki, wenye jina wakaondolewa. Anayesimulia habari za uchungaji huu bila kulitaja hilo anaacha kitu kikubwa.

"Mchungaji kutoka Ulaya aliishi kizungu"

Hapa ndipo tunapomhitaji Elisabeth, maana aliandika shajara tangu walipoondoka Norwei mwaka 1853 hadi 1855. Bila daftari hilo tungebaki na hotuba za mume wake, na hotuba hazituambii mtu alilala wapi.

Walilala kwa watu. Walipofika, wakati wa Krismasi, nyumba ya mchungaji haikuwepo. Erik na Helene Egge, wakulima wenye watoto wawili wadogo, waliwakaribisha kwenye kibanda chao cha magogo chenye chumba kimoja, futi 14 kwa 16. Kapime sebule yako: ni kama mita nne kwa tano. Humo waliishi watu wazima wanne na watoto wawili, katika baridi ya Iowa ambayo haikuruhusu mtu kukaa uani. Pazia ndilo lililotenganisha kitanda cha mchungaji na cha wenye nyumba. Maandalizi ya mahubiri yalifanyika humo humo, jiko likiwaka, watoto wakicheza, mama mwenye nyumba akipika.

Kilichopikwa tunakijua pia. Nyama ya nguruwe ya kuchemsha, kisha nyama ya nguruwe ya kukaanga, halafu ya kuchemsha tena. Kahawa, mkate na siagi vilikuwepo. Viazi vilikuwepo mpaka vilipoisha. Kitunguu cha kukaanga siku moja moja, na chupa ya achari, ambayo Elisabeth anaitaja kama mtu anayetaja sikukuu. Binti huyu alikulia kwenye nyumba ya vitabu. Katika shajara anaonekana akijifunza kuishi kwenye chumba cha mwanamke mwingine bila kumkera, na akihesabu siku ambazo mumewe yuko safarini. Wanaosema mke wa mchungaji "alimsindikiza" mumewe wangesoma kurasa hizo kwanza. Yeye ndiye aliyebaki nyuma ya pazia.

Nyumba ya mchungaji ilipatikana mwaka 1854. Riziki ilikuwa juu ya washarika: sadaka za sikukuu kubwa tatu, yaani Krismasi, Pasaka na Pentekoste, na kitu kidogo kwa ubatizo, ndoa na mazishi. Wakulima wenyewe walikuwa na chakula kuliko fedha. Nikisoma haya nasikia mnada wetu wa baada ya ibada, mzee wa kanisa amenyanyua jogoo juu, watu wanapandisha bei huku wakicheka, na kila mmoja anajua kuwa kwenye jogoo huyo kuna posho ya mwinjilisti.

Kile kibanda cha Egge hakijabomolewa. Kipo Decorah, kwenye jumba la makumbusho la Vesterheim.

"Alikuwa na kanisa lake, na Jumapili watu walikuja"

Yeye ndiye aliyewaendea. Mwanzoni eneo lake lilikuwa kaskazini mashariki yote ya Iowa pamoja na sehemu za Minnesota, ambalo baadaye liligawanywa katika sharika nyingi. Kwa lugha ya KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, alikuwa na mitaa, yaani vituo vidogo vya usharika, isiyohesabika na hakuwa na mwinjilisti. Alikwenda kwa farasi, kwa gari la kuteleza kwenye theluji, kwa miguu. Ibada ilifanyika kwenye nyumba yoyote iliyotosha: watoto walibatizwa wengi kwa mpigo, na vijana wa kipaimara wakasikilizwa Katekisimo Ndogo ya Luther. Halikuwa jambo geni. Miaka tisa kabla yake, mwaka 1844, mchungaji J. W. C. Dietrichson alianza huduma yake kule Koshkonong, Wisconsin, ghalani na chini ya miti ya mialoni.

"Neno la mchungaji lilikuwa la mwisho"

Hili lilikuwa kweli Norwei. Marekani liligeuka, na nadhani ndicho kitu kilichowashtua zaidi wasomi hawa wa Christiania.

Sheria ya Norwei ya mwaka 1741 ilimkataza mlei kuitisha mkutano wa dini bila mchungaji kujua. Hans Nielsen Hauge, mtoto wa mkulima aliyehubiri nchi nzima, alifungwa miaka mingi kwa sababu hiyo. Sheria ilifutwa mwaka 1842, lakini wakulima hawakusahau. Walifika Marekani na kumbukumbu ya joho jeusi na kola nyeupe ya mikunjo kama vazi la serikali. Kabla ya wasomi kufika, walikuwa na mtu wao, Elling Eielsen, mhubiri mlei wa mkondo wa Hauge aliyefika mwaka 1839. Huyu alitembea kwa miguu hadi New York ili tu akachapishe katekisimo. Alibarikiwa mwaka 1843, na hadi leo yeye na kina Koren wanahesabiwa kama pande mbili za Ulutheri wa Kinorwei nchini humo.

Koren na wenzake walikuwa katika Sinodi ya Kinorwei, umoja wa sharika zao ulioundwa mwaka 1853. Wengine husema alikuwa askofu. Hapana, sinodi haikuwa na maaskofu. Alikuwa rais wake kuanzia 1894 hadi kifo chake, akiendelea na usharika wake kama kawaida.

Nguvu ya washarika ilionekana wazi miaka ya 1880, ulipozuka mgogoro juu ya uteule: je, Mungu huwachagua watakaookolewa kwa neema yake tu, au huwachagua akiwa ameiona imani yao mapema? Ukisikia leo unaweza kudhani ni swali la darasani. Lakini vijiji viligawanyika, ndugu wakaacha kushiriki meza moja, na mahali pengine makanisa mawili ya Kilutheri ya Kinorwei yakasimama yanatazamana. Mwaka 1883 rais wa sinodi mwenyewe, Herman Amberg Preus, alikataliwa na moja ya sharika zake, akatolewa nje ya kanisa. Ilipofika 1887, karibu theluthi ya sinodi ilikuwa imejitenga. Koren alikuwa mmoja wa watetezi wakubwa wa msimamo wa sinodi, na barua yake ya wito haikumpa kinga yoyote zaidi ya subira ya washarika wake.

"Walikuwa Wakristo wa kaskazini, kwa hiyo walipinga utumwa"

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, na sisi wa pwani hii, ambao tunaona magofu ya Bagamoyo na soko la Mkunazini, hatuna ruhusa ya kulipitia haraka.

Sinodi ilikuwa changa, haina chuo. Iliwapeleka vijana wake kusomea uchungaji St. Louis, Missouri, kwenye seminari ya Walutheri wa Kijerumani wa Sinodi ya Missouri. Missouri ilikuwa jimbo la utumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, washarika walitaka kujua: walimu wa watoto wetu wanasimama wapi? Wachungaji wakakaa, wakafungua Biblia, wakatoa kauli yao: kumiliki mtumwa, kwenyewe, si dhambi, ingawa utumwa ni uovu na adhabu kutoka kwa Mungu.

Walei hawakukubali. Wakulima ambao walimu wao walijua Kigiriki na Kiebrania waliona mara moja kitu ambacho walimu hawakukiona. Claus Clausen, Mdenmaki aliyekuwa mchungaji wa Wanorwei tangu 1843, alikubali kauli hiyo kwanza, kisha dhamiri ikamsumbua, akaikana hadharani. Alikuwa kasisi wa Kikosi cha 15 cha Wisconsin, kilichojaa Wanorwei, chini ya Kanali Hans Christian Heg. Heg alipigwa risasi Chickamauga, Septemba 1863, akafa akipigania upande wa Muungano, yaani majimbo ya kaskazini. Mabishano ya sinodi yaliendelea hata baada ya watumwa kuwekwa huru, na mwaka 1868 Clausen akaondoka. Koren alibaki na sinodi.

Namheshimu Koren kwa safari zake kwenye theluji. Katika jambo hili nasimama na Clausen na wale wakulima.

Mgogoro huo huo, pamoja na vita, ndio uliosukuma kuanzishwa kwa chuo chao wenyewe, Luther College, mwaka 1861 huko Wisconsin. Mwaka uliofuata kikahamia Decorah, kwenye ardhi aliyoitafuta Koren. Mkondo mwingine wa Wanorwei ulikuwa umejiunga na Waswidi katika Sinodi ya Augustana mwaka 1860, wakaachana mwaka 1870. Watu wa Iramba na Singida wanalijua jina la Augustana: wamisionari wake walifika Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

"Walipofika tu waligeuka Wamarekani"

Koren alihubiri Kinorwei mpaka mwisho. Katekisimo ilikuwa ya Kinorwei, nyimbo ni za Kinorwei, na magazeti ya Decorah yalisomwa kwa Kinorwei kotekote walikokaa Wanorwei. Wachungaji wa sinodi waliziangalia shule za serikali kwa wasiwasi kwa miaka mingi, wakihofia watoto watapoteza imani pamoja na lugha.

Lugha ilisukumwa pembeni zaidi na Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 23 Mei 1918, gavana wa Iowa, William Harding, alitangaza kuwa Kiingereza pekee ndicho kiruhusiwe shuleni, hadharani, kwenye treni, kwenye simu na ibadani. Wasioelewa Kiingereza wakaabudu majumbani mwao. Tangazo liliwalenga Wajerumani kwanza, lakini lilimkuta kila mtu, wakiwamo wazee waliokuwa wakisali kwa lugha hiyo tangu kwenye vibanda vya magogo.

Elisabeth Koren alifariki mwaka huo huo wa 1918. Shajara yake yote ni ya Kinorwei.