Maandishi ya antikwari: William Stukeley na mawe ya Avebury

Antikwari ni msomi wa mambo ya kale wa enzi ambazo akiolojia haikuwa bado taaluma yenye kanuni zake. Hakuwa na maabara ya kupima umri wa mkaa wala mfupa. Alitembea, akapima, akachora, kisha akatafuta maelezo katika Biblia na kwa waandishi wa Kirumi na Kiyunani. Ndiyo maana maandishi yake yana tabaka mbili, alichokiona na alichokiamini, na msomaji asipozitenga atameza yote au atatupa ushahidi ambao haupatikani kwingine.

Mfano mzuri kuliko wote ni William Stukeley (1687–1765), daktari wa Uingereza aliyekuja kuwa kasisi mwaka 1729. Kati ya 1719 na 1724 alikwenda mara kwa mara Avebury, Wiltshire, kwenye duara kubwa la mawe lililozungukwa na handaki na tuta, na ambalo ndani yake kimejengwa kijiji. Wakati huohuo wakulima walikuwa wakiyavunja mawe hayo ili wapate vifaa vya ujenzi na nafasi ya kulima. Stukeley aliandika walivyofanya: shimo lilichimbwa kando ya jiwe, jiwe likaangushwa humo, mabua yakawashwa chini yake hadi likapata moto sana, kisha maji baridi yakamwagwa kwa mstari pale walipotaka lipasuke, na nyundo nzito zikamaliza kazi. Mengi ya mawe aliyoyachora hayapo tena.

Thamani ya rekodi hiyo inaonekana Overton Hill, kilima kilicho karibu na Avebury, kwenye duara dogo la mawe liitwalo Sanctuary. Liling'olewa yapata 1724, likasahauliwa kabisa lilipokuwa. Mwaka 1930 Maud Cunnington alifuata maandishi ya Stukeley, akachimba, akayakuta mashimo ambamo mawe yalikuwa yamesimikwa.

Lakini mahali hapohapo ndipo kitabu chake cha mwaka 1743, Abury, kinapopotosha. Kufikia wakati huo Stukeley alikuwa ameshaamini kwamba Avebury ni hekalu la Madruidi, makuhani wa Waselti, lililojengwa kwa umbo la nyoka: duara kuu katikati, na njia mbili zenye safu za mawe yaliyosimamishwa kandokando, kama mwili na mkia. Sanctuary ilipaswa kuwa kichwa. Kichwa cha nyoka si mviringo kamili, basi katika mchoro uliochapishwa miduara ikageuzwa kuwa umbo la yai. Hata kipimo alikibuni: "dhiraa ya Kidruidi" ya inchi 20.8. Kosa kubwa ni la wakati. Madruidi tunawajua kwa maandishi ya karne za mwisho kabla ya Kristo, ilhali mawe haya yalisimamishwa zaidi ya miaka 2,000 kabla ya hapo.

Kwa hiyo anza na michoro na daftari zake za uwanjani, ambazo nyingi zimehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Tazama tarehe ya kila mchoro. Ikiwa kitabu kinapingana na mchoro wa kabla ya 1725, shika mchoro.

Wala usifanye haraka kumkanusha. Njia ya mawe ya Beckhampton, ule "mkia" wa nyoka, ilitiliwa shaka na wataalamu wengi kwa sababu karibu yote ilikuwa imetoweka. Mwaka 1999 uchimbaji ulifichua mashimo ya mawe yake, na mawe mengine yakiwa yamefukiwa palepale alipoichora njia hiyo.