Kovu la mkononi si kinga ya surua

Ukimuuliza mtu mzima hapa Nairobi kama ana kinga ya surua, ule ugonjwa ambao wengi wetu tunauita ukambi, mara nyingi atakunja mkono wa shati akuonyeshe kovu dogo la mviringo mkono wa kushoto. Kovu hilo ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu anayodungwa mtoto mchanga. Chanjo ya surua kwa kawaida haiachi alama. Ushahidi wake ni maandishi: kadi ya zamani ya kliniki au kitabu cha mama na mtoto, pale palipoandikwa miezi 9 na miezi 18. Tafuta tarehe mbili.

Nasisitiza mbili kwa sababu wazazi wengi huachia ya kwanza. Mtoto ameshaanza kutembea, mama amerudi kazini, foleni ya kliniki ni ndefu, na si alishadungwa? Alidungwa, lakini dozi ya miezi 9 hukinga takriban watoto 85 kati ya 100. Waliobaki wanaitegemea ya pili. Kenya iliiingiza kwenye ratiba mwaka 2013, kwa hivyo aliyezaliwa miaka mingi kabla ya hapo huenda ana moja tu, hata kama mama yake hakukosa kliniki.

Wapo wanaosema waliugua utotoni. Aliyeugua surua kweli hupata kinga ya maisha. Shida ni kwamba rubela na magonjwa mengine ya vipele hufanana nayo, na kumbukumbu ya shangazi si kipimo.

Wengine husema watamkwepa mwenye vipele. Hawataweza. Mgonjwa huanza kuambukiza siku 4 kabla vipele havijatoka, akiwa na mafua, kikohozi na macho mekundu tu, na virusi hubaki hewani hadi saa 2 baada yake kuondoka. Fikiria matatu ya Thika Road siku ya mvua, madirisha yote yamefungwa.

Kadi ikipotea, je, lazima upimwe damu kwanza? Hapana. Kipimo cha kingamwili kipo kwenye maabara kubwa, ila mwenye kinga akichanjwa tena hadhuriki. Mtu mzima asiye na rekodi hupewa dozi mbili, zikipishana angalau siku 28. Mjamzito hachanjwi, anayepanga kubeba mimba achanjwe na asubiri mwezi mmoja. Mwenye kinga dhaifu ya mwili, akiwemo anayeishi na HIV, aongee na daktari kwanza.

Na usikubali kuambiwa umeshachelewa kwa kuwa jirani wa ploti ameugua. Chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 tangu mlipokutana inaweza bado kuzuia ugonjwa. Saa hizo huanza siku mliyokaa naye, si siku uliyopata habari.