Oceanic ya Isis: Albamu Nzito Inayong'aa Inapotulia

Albamu ya Oceanic, iliyotolewa mwaka 2002 na bendi ya Isis kutoka Boston, Marekani, ni miongoni mwa kazi zilizoipa posti-metali sura tunayoijua leo, yaani nyimbo ndefu, magitaa mazito yanayopokezana na vipindi vya utulivu, na uimbaji usiofuata mpangilio wa beti na kiitikio. Kazi yangu ni kuchanganya sauti studioni, na kila ninapoisikiliza ninathibitisha jambo moja: albamu hii hufika kileleni pale inapoacha kunguruma.

Ushahidi wangu mkubwa ni "Weight", wimbo unaozidi dakika 10. Unaanza kwa noti chache zinazojirudia kwa upole, ngoma za Aaron Harris zinaingia bila haraka, kisha sauti ya kike ya Maria Christopher, mwimbaji mwalikwa, inajitokeza katikati ya ala. Hakuna mgeuko wa ghafla hata mmoja. Kila mzunguko unaongeza tabaka jingine juu ya lile lililotangulia, hadi msikilizaji anajikuta amezingirwa, kama mtu aliyeketi ufukweni bila kuangalia saa za bamvua. Wimbo wa namna hii ni mgumu kuuchanganya, kwa sababu ukizipandisha ala mapema, kilele kinakosa pa kupandia. Mtayarishaji Matt Bayles alijua kujizuia, na nafasi aliyoiacha ndiyo inayoufanya uzito wa mwisho usikike kuwa mzito kweli.

Sifa nyingine ni besi ya Jeff Caxide. Katika metali nyingi besi hujificha chini ya magitaa na kuyafuata tu. Hapa mara nyingi ndiyo inayobeba lahani, na ukiisikiliza kwa spika ndogo za simu utapoteza sehemu kubwa ya muziki wenyewe.

Udhaifu wa kwanza uko katika sauti ya Aaron Turner, mwimbaji mkuu wa Isis. Mngurumo wake una nguvu, lakini una rangi moja tu, na rangi hiyo haimsaidii msikilizaji kuifuata simulizi inayoibeba albamu. Simulizi hiyo inamhusu mwanamume anayegundua kuwa mwanamke ampendaye ana uhusiano wa kimapenzi na kaka wa damu wa mwanamke huyo, kisha mwanamume huyo anaishia kujizamisha majini. Kisa kizito kama hicho kinadai mshtuko, hasira, aibu na kukata tamaa, kila kimoja kwa sauti yake, lakini Turner anavipitisha vyote katika koo lile lile. Ninapomlinganisha na Maria Christopher, ambaye maneno yake ni machache mno, naona huzuni ya albamu nzima imebebwa zaidi na mgeni kuliko mwenyeji.

Udhaifu wa pili ni wa mpangilio. Baada ya "Carry", wimbo unaopanda taratibu hadi kishindo, vinafuata vipande viwili vifupi vya ala, kimoja kisicho na jina na kingine kiitwacho "Maritime". "Maritime" ninaitetea, kwa sababu gitaa lake tulivu linatayarisha sikio kwa "Weight". Kile kisicho na jina hakitayarishi chochote, bali kinaupooza moto uliowashwa na "Carry", na kama ningekuwa mezani siku ya kupanga nyimbo ningependekeza kiondolewe.

Katika albamu iliyofuata, Panopticon ya mwaka 2004, Turner aliimba zaidi kwa sauti ya kawaida, na kasoro ile ya rangi moja ikapungua sana. Pamoja na hayo, sijasikia humo wimbo unaojenga kilele kwa subira ya "Weight", na ndiyo sababu anayetaka kuijua Isis ninaendelea kumwelekeza kwanza kwenye Oceanic.