Bati linalodondosha maji usiku wa nyota halivuji

Fundi seremala wa Njombe anafungua karakana asubuhi ya Julai, anakuta randa ina madoa ya kutu na mbao zimelowa. Lawama ya kwanza: bati linavuja. Anapanda na lami, anaziba kila tundu la msumari. Kesho yake maji yapo palepale, na mvua haijanyesha wiki tatu.

Hayo maji hayakutoka juu. Yalikuwa humohumo ndani, hewani. Usiku usio na mawingu bati hupoteza joto haraka hadi likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 hubeba hadi gramu 17 za mvuke. Ikishuka nyuzi 10, ni gramu 9 hivi. Kinachozidi hugeuka matone, kama kwenye chupa ya soda iliyotoka friji. Pitisha kidole: maji ya kuvuja yana njia yake, kwenye msumari au kiungio, umande huu umetapakaa bati zima.

Kosa baya zaidi ni kuziba matundu ya hewa na kuwasha jiko la mafuta ya taa. Lita moja ya mafuta hayo ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji! (Moshi wake sizungumzii.) Acha uwazi chini ya paa pande mbili zinazotazamana, piga dari, mbao mbichi zikae nje kwenye banda la wazi. Sakafu ya udongo itandikwe nailoni nzito, maana nayo hutoa unyevu usiku kucha. Randa ipake mafuta.