Mchujo wa awali katika tenda za umeme na maji: maana yake ni nini?

Mchujo wa awali ni hatua ambapo mnunuzi anachunguza kama unaiweza kazi kabla hajakuuliza bei. Ukipita, jina lako linaingia kwenye orodha ya watakaoalikwa kuleta zabuni. Hujapewa kandarasi, wala hujaahidiwa hata shilingi. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewaona watu wakienda benki kuomba mkopo na barua ya kupita mchujo mkononi, wakidhani tayari wana oda.

Kampuni za umeme na maji zinautegemea sana mchujo huu, na sababu inaeleweka. Transfoma mbovu ikilipuka, mtaa mzima unakaa gizani, na pengine mtu amekufa. Bomba lisilofaa likipasuka chini ya barabara, barabara inachimbwa, hospitali inakosa maji, na gharama inamrudia mlipa bili. Vifaa hivi hukaa kazini miaka na mikaka. Bei ya chini haikuonyeshi lolote kuhusu hayo, ndiyo maana mnunuzi anataka kukujua wewe kwanza.

Nchini Kenya, msingi wake ni sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015. Kifungu cha 93 kinasema mchujo wa awali ni wa bidhaa, kazi na huduma tata zinazohitaji utaalamu. Hapa ndipo wengi huchanganya mambo mawili. Yale matangazo ya kusajili wauzaji unayoyaona magazetini, mara nyingi kwa miaka miwili ya fedha kwa pamoja, ni kitu kingine: ni orodha ya wauzaji wa vitu vya kila siku kama karatasi, vipuri vya magari na huduma za usafi. Kifungu cha 71 kinataka orodha hiyo iongezwe majina mara kwa mara, si kufungwa kama geti la shule. Mchujo wa awali umefungwa kwenye kazi moja mahususi, kwa mfano kujenga kituo kidogo cha umeme au mtambo wa kusafisha maji. Kuwa kwenye orodha ya wauzaji hakukupitishi kwenye mchujo.

Wanaangalia nini? Kwanza, kama unaruhusiwa kufanya biashara na serikali: kampuni imesajiliwa, haijafilisika, haijafungiwa kushiriki tenda, haina hatia ya ufisadi, na imelipa ushuru. Sheria inaongeza jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona: asiwe mtu aliyepatikana na hatia ya kukiuka vibaya sheria za ajira. Ukiwapunja wafanyakazi wako, unaweza kuikosa tenda. Pili, leseni za fani. Mwanakandarasi wa ujenzi anahitaji usajili wa NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi, wenye ngazi 8, ya kwanza ikiwa haina kikomo cha thamani ya kazi. Wa umeme anahitaji leseni ya EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati na petroli. Kisha hesabu zilizokaguliwa, mapato ya miaka ya karibuni, mitambo uliyonayo, wahandisi wako, na kazi kama hiyo uliyowahi kumaliza, yenye barua ya aliyekulipa.

Kigezo cha mwisho ndicho kinachowaumiza wadogo. Unaambiwa ulete ushahidi wa kazi 2 au 3 za ukubwa huo, na hujawahi kupewa hata 1. Njia iliyo halali ni ubia: kampuni mbili zinaungana, moja inaleta uzoefu na nyingine mitambo au mtaji, na mkataba wa ubia unawekwa kwenye kabrasha. Pia kuna asilimia 30 ya ununuzi wa umma iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kupitia mpango wa serikali uitwao AGPO. Mimi naamini ubia ni bora kuliko kubahatisha peke yako, mradi mgawanyo wa kazi uandikwe kabla ya pesa kuonekana.

Halafu kuna karatasi zenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimsaidia jirani yangu, fundi hodari mwenye lori la kusimamishia nguzo, kuandaa kabrasha la kampuni fulani ya huduma. Sheria inataka kila ukurasa uwe na nambari kwa mfuatano. Tulikaa kwenye saiba hadi saa nne usiku, yeye akigeuza kurasa, mimi nikiandika nambari kwa kalamu ya bluu pembeni kulia. Kufika wasifu wa mhandisi wake, kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa wino wa muhuri. Nambari ikaruka. Hatukuona. Barua ya kumkataa ilitaja sababu hiyo na nyingine moja: cheti chake cha ushuru, ambacho hudumu miezi 12, kilikuwa kimeisha siku tatu kabla ya tarehe ya kufunga. Hakuna aliyefika kulitazama lori lake. Tangu siku ile, kazi yangu ya kwanza na yeyote anayeniomba msaada ni kuandika tarehe za kuisha za vyeti vyake vyote kwenye karatasi moja, nikizilinganisha na tarehe ya kufunga tenda.

Uingereza wana utaratibu tofauti unaonivutia. Kampuni nyingi za umeme, gesi na maji hutumia hifadhidata moja ya pamoja iitwayo UVDB, inayosimamiwa na kampuni ya Achilles. Muuzaji anajaza hojaji moja, na kwa kazi zenye hatari wakaguzi humjia ofisini na hata mahali pa kazi kuangalia usalama, mazingira na ubora. Wanunuzi wengi wanasoma matokeo yale yale. Hulipiwa, na ada hiyo si mzigo mdogo kwa duka dogo, lakini anayekaguliwa ni mtu kazini kwake, si faili peke yake. Kwetu jirani yangu alichapisha vyeti vilevile upya kwa kila kampuni aliyoiomba.

Ukikataliwa, sheria ya Kenya inakupa haki ya kuambiwa sababu. Ukiona hukutendewa haki, una siku 14 za kupeleka malalamiko kwa bodi ya rufaa za ununuzi, na siku hizo huanza kuhesabiwa unapoarifiwa, kwa hiyo tunza barua pamoja na bahasha yake au barua pepe yenye tarehe. Ukikubaliwa, subiri mwaliko rasmi wa kuleta zabuni. Hapo ndipo bei inaulizwa kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo unapoanza kushindana na wengine waliopita kama wewe.