Mti wa kwenye chungu "kulala" winta maana yake nini hasa?

Mti wa jamii ya kupukutisha majani ukiona mchana umeanza kuwa mfupi na usiku umepoa, unaanza kufunga kazi. Unavuta chakula kilichoko kwenye majani unakiweka akiba kwenye matawi na mizizi, kijani kinaisha inabaki njano au wekundu, alafu pale jani liliposhika tawi panajengeka ukuta mwembamba na jani linadondoka lenyewe. Sasa wengi wanadhani huko kudondosha ndo kulala, hapana, hiyo ni dalili tu. Kinacholala ni macho, vile vidude vyenye magamba kwenye tawi ambavyo ukikipasua kimoja unakuta majani ya msimu ujao yamekunjwa humo tayari.

Na usingizi wenyewe ni wa awamu mbili. Awamu ya kwanza macho yamejifunga kwa ndani, hata uupeleke mti kwenye joto haufumbui, mpaka ukusanye masaa ya baridi ya kutosha, ile baridi ya juu ya sifuri hadi kama nyuzi 7 hivi. Matofaa mengi yanataka masaa 800 hadi 1000, wakati aina kama Anna inaridhika na 300 tu au hata pungufu. Awamu ya pili hesabu imeshatimia, mti unangoja joto basi.

Shida ya sehemu zenye winta ya uvuguvugu ni kwamba mti unapata taarifa nusu nusu. Mchana umefupika sawa, ila baridi haieleweki, na joto la mchana likizidi nyuzi 16 hivi linaweza hata kufuta sehemu ya baridi iliyokwishakusanywa. Mti mchanga ndo mbishi zaidi, unaweza kukaa na majani yake mpaka katikati ya winta wakati mkubwa wa aina hiyohiyo umeshabaki mifupa, na ukiwa karibu na taa inayowaka usiku kucha ndo kabisa. Usiyanyofoe kwa kuona umechelewa. Baridi ikiwa haijatosha utaona baadae: macho ya nchani yanafunguka, ya pembeni yamenuna, mti unachipua kwa mafungu mafungu. Kwa hiyo kuuingiza ndani ya nyumba eti unauonea huruma ni kuunyima kitu unachokihesabu.

Ila mizizi hailali kama macho, na hili ndo lilinigharimu mti wangu wa kwanza. Udongo ukiwa juu ya nyuzi 5 hivi mizizi inaendelea na kazi taratibu, inataka unyevu kidogo na hewa. Mimi nilikuwa namwagilia kama kiangazi wakati hakuna jani hata moja la kuyatumia hayo maji, siku nimeutoa kwenye chungu mizizi ni myeusi, inateleza, inanuka kama mtaro. Siku hizi nachomeka kidole, sentimita mbili tatu chini kukiwa pakavu namwaga, pakiwa pabichi naondoka zangu. Mbolea ya nitrojeni kipindi hicho sigusi.

Ukiwa na wasiwasi kama umelala au umekufa, kwangua gome la kitawi kidogo kwa ukucha. Ukikuta kijani kibichi upo hai, ukikuta kahawia kavu shuka chini kidogo ukwangue tena, maana mara nyingi ncha inakufa na shina liko salama.