Joto la dunia halitoki Nyiragongo

Juzi nimeletewa tena ule ujumbe wa sauti unaozunguka katika simu za watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, unaodai kwamba volkano yetu ya Nyiragongo peke yake hutoa hewa ya ukaa (kaboni dioksidi) nyingi kuliko magari na viwanda vyote vya dunia, na kwamba kwa hiyo habari za mabadiliko ya tabianchi ni hadithi ya wazungu. Safari hii aliyeniletea ni mwalimu wa sekondari, mtu makini, aliyekuwa amekusudia kuwasikilizisha wanafunzi wake. Kazi yangu ni kupima gesi za volkano. Dai hilo nimelisikia ndani ya teksi, kanisani na katika mikutano ya mtaa, na kila mara nimelijibu kwa maneno machache. Leo nalijibu kwa urefu, kwa sababu uvumilivu wangu umekwisha na kwa sababu wanafunzi hawastahili kufundishwa uongo.

Hesabu yenyewe haichukui muda. Kwa kuchoma mafuta, makaa ya mawe na gesi, binadamu hutoa takriban tani bilioni 37 za hewa ya ukaa kila mwaka. Volkano zote za dunia kwa pamoja, za nchi kavu na za chini ya bahari, zinakadiriwa kutoa tani milioni 300 hadi 400 hivi. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka tarehe 15 Juni 1991, katika mojawapo ya milipuko mikubwa kabisa ya karne iliyopita, ulitoa hewa ya ukaa inayokadiriwa kuwa tani milioni 50, kiasi ambacho binadamu wa leo hutoa kwa nusu siku. Isitoshe, mlipuko huo uliipoza dunia kwa karibu nusu nyuzi, kwa kuwa salfa iliyofika juu sana angani iligeuka ukungu uliorudisha sehemu ya mwanga wa jua.

Najua watu wa Goma hawadanganyiki kirahisi kwa tarakimu, maana tarakimu zinakuja na wageni na kuondoka nao. Hoja yao ni ya macho: moshi ule tunauona kila siku. Lakini kinachoonekana juu ya kreta, lile shimo la kileleni, si hewa ya ukaa. Ni mvuke wa maji pamoja na chembechembe ndogo za tindikali, na kinachokereketa koo na kuharibu majani ya maharage upande ambao upepo unaelekea ni gesi ya salfa na wenzake. Kwa gesi ya salfa, ndiyo, Nyiragongo na volkano jirani yake Nyamulagira zimewahi kuhesabiwa miongoni mwa vyanzo vikubwa kabisa duniani, na anayekinga maji ya mvua kwenye bati la nyumba yake upande huo anayo sababu ya kulalamika. Sifa hiyo ya salfa ndiyo ambayo mtu fulani ameihamishia kwenye hewa ya ukaa.

Hewa ya ukaa yenyewe haina rangi, na kwa kawaida mtu haisikii kwa pua. Wakazi wa Himbi, wa Bulengo na wa njia ya Sake wanaijua kwa jina la mazuku. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, hutoka ardhini kupitia nyufa na kutulia mabondeni, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Ukishusha kibatari shimoni, mwali hufifia kwenye mstari uleule kila ukijaribu, kisha huzimika, na chini ya mstari huo utaona mijusi na ndege waliokufa bila jeraha. Gesi hiyo ikifika sehemu 10 katika 100 za hewa, mtu huzimia ndani ya dakika chache, na katika mazuku huweza kupita hapo mbali sana. Ndiyo maana dai la kwamba volkano zetu hutoa gesi hiyo kwa wingi linaingia akilini upesi: ni kweli kwamba inatoka, na ni kweli kwamba inaua. Ila gesi inayojaza shimo na kuua mbuzi inaweza kuwa kidogo mno ukiipima kwa anga lote la dunia.

Sasa niseme jambo ambalo vitabu vya shule hulipitia mbali. Kiasi cha hewa ya ukaa kinachotoka Nyiragongo hatukijui vizuri. Gesi ya salfa tunaipima kwa mbali, kwa chombo kinachotazama jinsi mwanga wa jua unavyofyonzwa ndani ya moshi. Hewa ya ukaa haipimiki kirahisi hivyo, kwa sababu tayari imo angani kila mahali na ile ya mlima inapotea ndani ya ile ya siku zote. Kwa hiyo tunapandisha kisanduku chenye pampu, bomba la mpira na betri hadi ukingoni mwa kreta, tunatafuta uwiano wa gesi hizo mbili, kisha tunauzidisha kwa kiasi cha salfa tulichokipima. Uwiano ukibadilika, jibu linabadilika. Na ile inayopenya ardhini bila kupita kreta, na ile inayoingia ziwani, hesabu yake ni ngumu zaidi. Ziwa Kivu peke yake limehifadhi katika maji yake ya kina takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa. Nasema haya waziwazi kwa sababu wanaobisha wakiyagundua wenyewe husema tuliyaficha. Lakini hata makadirio ya volkano zote yakizidishwa mara kumi, hayafiki hata nusu ya yale ya binadamu.

Tena, hatuhitaji kutegemea kiasi pekee, kwa sababu kaboni hubeba alama ya asili yake. Hapa nina ugomvi na wanaotutetea vilevile. Mara nyingi nasikia watu wenye shahada wakisema kwamba kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi, imethibitisha kuwa gesi iliyoongezeka inatokana na mafuta na makaa ya mawe. Kaboni 14 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, kwa hiyo mafuta ya mamilioni ya miaka hayana hata chembe yake, na ni kweli kwamba kuyachoma kumepunguza sehemu ya kaboni 14 angani. Lakini gesi ya volkano nayo haina kaboni 14! Mimea inayoota karibu na matundu ya gesi ya volkano, ukiipima umri kwa njia hiyo, huonekana ya kale ilhali imechipuka juzi. Anayemjibu mtu wa Goma kwa kaboni 14 amemjibu kwa ushahidi unaowafaa washtakiwa wote wawili, na mtu wa Goma akiligundua hilo ana haki ya kutomwamini tena.

Alama inayotenganisha ni kaboni 13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo. Mimea hupendelea kaboni nyepesi, yaani kaboni 12, na kwa kuwa mafuta na makaa ya mawe yametokana na viumbe vya kale, kaboni yake ni nyepesi pia: katika kipimo chetu, ambacho namba ikishuka kaboni ni nyepesi zaidi, wastani wake ni karibu na -28. Gesi inayotoka ndani kabisa ya dunia, kama ya milima yetu, huwa kwenye -5 au -6. Kabla ya viwanda, anga lilikuwa karibu na -6.5, leo limeshuka chini ya -8. Volkano haiwezi kulishusha anga hadi huko, kwa sababu yenyewe iko juu zaidi. Ingekuwa ndiyo chanzo, anga lingekuwa linakwenda upande mwingine. Pamoja na hayo oksijeni ya anga inapungua kidogokidogo, kama inavyotarajiwa pale kitu kinapochomwa.

Wengine hunikumbusha kwamba vipimo mashuhuri vya hewa ya ukaa angani, vilivyoanza mwaka 1958 vikiwa na sehemu 315 kwa milioni na sasa vimepita 420, huchukuliwa Mauna Loa huko Hawaii, ambayo ni volkano. Ni kweli. Gesi ya mlima ule inajulikana inapofika, huja kwa vipindi vifupi pamoja na upepo wa usiku unaoteremka, na hutengwa. Ncha ya Kusini, ambako hakuna volkano jirani, vipimo vinaonyesha kupanda kulekule.

Ninaelewa dai hili linakopata nguvu. Kongo inachoma mafuta kidogo mno kwa kila mkazi, na waliochoma mengi huja kumwambia mama anayepikia mkaa wa miti ya msitu wa Virunga kwamba yeye ndiye anayeharibu dunia. Hasira hiyo ni halali, na haihitaji volkano ili isimame.

Shaka ya kweli, ile ambayo ningependa wanafunzi wa yule mwalimu waijadili, iko kwenye mvua. Mnamo tarehe 4 Mei 2023 mito ilifurika katika eneo la Kalehe, kando ya Ziwa Kivu, na kuua zaidi ya watu 400 huko Bushushu na Nyamukubi. Tunajua kwamba kila nyuzi moja ya joto huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Lakini wanasayansi wa World Weather Attribution, kundi linalochunguza kama mabadiliko ya tabianchi yamechangia maafa fulani, walipochunguza mafuriko yale, walitangaza kwamba data za mvua zilizopo haziwaruhusu kutoa hukumu. Vituo vya kupima ni vichache, vita vimeviharibu vingine, na mifano ya kompyuta haikubaliani kuhusu mvua ya bonde la Kongo. Wabishi wanasema hapo tumeshindwa. Nasema hapo hatukupima, na kutopima hakumsafishi wala hakumtii mtu hatiani.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaotunza madaftari ya zamani ya mvua, katika misheni, katika mashamba ya chai na kahawa, na katika vituo vya utafiti kama Mulungu na Lwiro: yapigeni picha, ukurasa kwa ukurasa, kabla mchwa na unyevu havijayamaliza, na mtupatie nakala. Hata miaka mitano mfululizo ya kituo kimoja inatufaa.